Shingo ya Gauni na Mipaka ya Heshima: Historia Fupi ya Vazi la Kifua Wazi

0. Utangulizi

Katika vazi la mwanamke, shingo ya gauni ni sehemu ndogo. Fundi huikata kwa dakika chache, na kitambaa kinachoondolewa hapo hakitoshi hata kushonea leso. Hata hivyo, ni nadra kupata kipande cha nguo kilichozua mahubiri, amri na ugomvi kama hicho. Maaskofu wamekilalamikia mbele ya wafalme, wafalme wamekitungia kanuni, madaktari wamekitabiria maradhi, na wachoraji wamepata au wamepoteza jina kwa ajili yake.

Anapoulizwa sababu, mtu hujibu upesi kwamba kifua kilichofunuliwa huamsha tamaa, na kwamba jamii yenye haya hukifunika. Jibu hilo halitoshi. Lau lingetosha, haingeeleweka kwa nini mwanamke yule yule, katika mji ule ule na siku ile ile, alipaswa kukifunika kifua chake asubuhi na kukifunua usiku. Makala haya yanafuata historia ya vazi hilo katika Ulaya ya magharibi tangu karne ya 14 hadi katikati ya karne ya 20, kisha yanageukia Kongo, ambako kanuni za Ulaya zilikutana na kanuni nyingine. Hoja yake ni kwamba kina cha shingo ya gauni kilitawaliwa hasa na mambo matatu: cheo cha mvaaji, saa ya siku, na mahali penyewe. Hoja ya pili yatokana na ya kwanza: hukumu ya heshima ilimwangukia mwanamke alipoivunja kanuni, na mara nyingi ilimwangukia hata alipoitii.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa. Wafaransa huliita vazi hilo décolleté, yaani lililoondolewa collet, ambayo ni kola ndogo. Collet yatokana na col, nalo latokana na neno la Kilatini collum, shingo. Kiswahili kilipolipokea neno kola kwa njia ya Kiingereza, kilipokea tawi jingine la mti huo huo. Lakini Kiswahili kilikuwa tayari na neno lake, ukosi, ambalo hutaja kisogo cha mtu na pia sehemu ya nguo inayokizunguka. Kwa hiyo katika lugha zote hizo nguo imeazima jina la mwili. Tofauti ni kwamba Kifaransa kimelitaja vazi hili kwa kile kilichoondolewa, kana kwamba hali ya kawaida ni kufunikwa.

1. Mkasi wa fundi: karne ya 14

Kwa muda mrefu wa zama za kati, wanaume na wanawake wa Ulaya walivaa kanzu pana zilizokatwa kwa mistari iliyonyoka. Nguo ya namna hiyo huning'inia mabegani. Shingo yake ikipanuliwa mno, kanzu nzima huteleza na kuanguka. Kwa hiyo, kabla ya kuwa suala la maadili, kifua wazi kilikuwa suala la ufundi: hakikuwezekana mpaka fundi alipojifunza kuibana nguo mwilini.

Badiliko hilo lilitokea mnamo miaka ya 1340. Mafundi walianza kulikata kwapa kwa mviringo, kushonea mikono iliyokatwa peke yake, na kuifunga nguo kwa vifungo vingi au kwa kamba zilizopitishwa matunduni. Sasa gauni lilishikwa na kiwiliwili chote, si mabega tu. Mara shingo ikapanuka, ikafika ncha za mabega, kisha ikashuka kifuani. Wakati huo huo vazi la juu lisilo na mikono lilikatwa ubavuni kwa matundu makubwa yaliyoonyesha mwili uliobanwa na gauni la ndani. Wahubiri wakayaita matundu hayo madirisha ya Jehanamu.

Katika karne ya 15, mtindo uliotawala ulitoka katika nchi za mtawala wa Bourgogne, Philippe le Bon (1419-1467), ambazo zilijumuisha sehemu kubwa ya Ubelgiji ya leo. Gauni la bibi wa kikabaila lilifunguka kifuani kwa pembe ndefu iliyoshuka hadi kwenye mshipi mpana, na kingo zake zilipambwa kwa manyoya. Pengo hilo lilizibwa kwa kipande cha kitambaa cheusi, na juu yake kukatandazwa kitani chepesi mno kilichoonyesha ngozi huku kikidai kuificha. Rogier van der Weyden, aliyekuwa mchoraji wa mji wa Brussels na kufa huko mwaka 1464, ameiacha picha ya bibi mmoja asiyejulikana jina iliyochorwa mnamo 1460. Macho yameinama, mikono imefumbatana, shela imeng'aa juu ya mabega. Hakuna anayeweza kuitazama picha hiyo na kumdhania mvaaji kuwa mtu wa mzaha. Kifua chake wazi ni sehemu ya utukufu wake, sawa na mshipi wake na manyoya yake.

2. Agnès Sorel: lawama na ibada

Mtu mmoja wa karne hiyo ameunganishwa na vazi hili kuliko wengine wote. Ni Agnès Sorel, hawara wa mfalme Charles VII wa Ufaransa, aliyekufa mwezi wa Februari 1450 akiwa bado kijana. Inaelezwa kwamba magauni yake yaliyofunguka kifuani yaliigwa na mabibi wa ikulu. Jean Juvénal des Ursins, askofu mkuu wa Reims, alimlalamikia mfalme kwamba katika nyumba yake mwenyewe aliruhusu nguo zenye matundu ambayo kwayo matiti ya wanawake yalionekana.

Lawama hiyo yafaa kusomwa kwa makini. Askofu hakuzungumza na Agnès, bali na mfalme. Vazi la mwanamke lilihesabiwa kuwa jambo la mwenye nyumba, na aibu yake kuwa dosari katika utawala wa mwanamume. Namna hiyo ya kulalamika ilirudi tena na tena katika karne zilizofuata, kwa baba, kwa mume, na baadaye kwa serikali.

Jambo la kustaajabisha lilifuata baada ya kifo cha Agnès. Étienne Chevalier, mweka hazina wa mfalme na mmojawapo wa wasimamizi wa wasia wa marehemu, alimwagiza mchoraji Jean Fouquet picha ya mbao mbili kwa kanisa la mji wa Melun. Katika ubao mmoja, uliochorwa mnamo 1452, Bikira Maria ameketi na taji kichwani, amezungukwa na malaika wekundu na wa buluu. Gauni lake limefunguliwa kamba, na titi moja la mviringo li wazi kabisa. Mapokeo ya kale yasema kwamba uso huo ni wa Agnès Sorel. Ubao huo umehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya Antwerp, mji ambao Wakongo wengi waliujua kama bandari ya meli zilizokwenda Matadi.

Mwili uliolaumiwa ikulu ukawekwa kanisani. Watu wa wakati ule hawakuona lazima kwamba hapo kuna mgongano, kwani titi la Maria lilikuwa titi la kunyonyesha, alama ya huruma kwa wanadamu. Kiungo ni kile kile, nguo ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali, na nani aliyeruhusiwa kutazama kwa nia gani.

3. Kufunga na kufungua: karne ya 16 na ya 17

Katika karne ya 16 ikulu ya Uhispania ilieneza mtindo wa kinyume. Gauni lilifungwa hadi kidevuni, na shingo ikazungushiwa kola pana ya kitani iliyokunjwa mikunjo mingi na kukaushwa kwa wanga. Mtu angedhani haya imeshinda. Lakini huko Uingereza kola hiyo hiyo ilikatwa mbele na kuachwa wazi kama pazia lililovutwa pande mbili. Mwaka 1597, balozi wa Ufaransa André Hurault de Maisse aliandika kwamba malkia Elizabeth I alimpokea akiwa na gauni lililofunguka mbele hata kifua chake kikaonekana. Malkia alikuwa na umri wa miaka 64. Balozi alishangaa, lakini huenda hakutambua kanuni aliyoonyeshwa: kifua wazi kilikuwa pia desturi ya wasichana wasioolewa, na malkia huyo aliijenga enzi yake yote juu ya sifa ya ubikira wake. Shingo ya gauni ilikuwa tamko la siasa.

Karne ya 17 ilirudisha mabega wazi katika ikulu nyingi. Pamoja na mtindo huo ukaja ubishi mkali kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sasa ulichapishwa. Molière, katika mchezo wake Tartuffe, ulioonyeshwa mara ya kwanza Versailles mwaka 1664, ukakatazwa, na kuruhusiwa hadharani mwaka 1669, aliweka tukio fupi linalojulikana sana. Mnafiki Tartuffe, kabla ya kuzungumza na mtumishi Dorine, anatoa leso na kumtaka ajifunike kifua. Dorine hachukizwi na leso hata kidogo. Anachomjibu ni kwamba mwenye udhaifu ni yule anayetazama, na kwamba yeye mwenyewe hatashtuka hata akimwona bwana huyo bila nguo mwili mzima. Kwa maneno machache swali limegeuzwa: badala ya kuuliza mwanamke amevaa nini, mtazamaji anaulizwa ana nini moyoni.

Kanisa halikukubali kugeuziwa swali. Mwaka 1675 kilitokea Brussels kitabu kidogo kuhusu matumizi mabaya ya uchi wa kifua, kinachohesabiwa kuwa cha kasisi Jacques Boileau. Kitabu hicho kiliwalaumu wanawake waliothubutu kuingia hata kanisani na mabega yaliyofunuliwa, na miaka mitatu baadaye kilitolewa London kwa Kiingereza. Kwamba mahubiri dhidi ya mtindo wa Kifaransa yalisomwa pia na Waprotestanti ni dalili kwamba mtindo wenyewe ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka ya madhehebu.

4. Amri ya kufunua

Wahubiri walipigana na vazi hilo kana kwamba lilikuwa uasi. Ukweli ni kwamba katika ikulu lilikuwa utiifu. Huko Versailles, chini ya Louis XIV na waliomfuata, mwanamke aliyeletwa mbele ya mfalme alitakiwa kuvaa gauni kuu la sherehe, lenye kiwiliwili kigumu kilichotiwa vijiti vya mfupa wa nyangumi, na shingo pana iliyoyaacha mabega wazi. Alilivaa wakati wa kipupwe katika kumbi kubwa zenye baridi kali. Kama angetaka kujisitiri, asingeruhusiwa. Nyumbani na mjini alijifunika kifua kwa mtandio mwembamba wa pembe tatu. Mtandio huo ulikuwa vazi la mchana, la matembezi, na la wanawake wa tabaka la kati.

Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliondoa gauni la ikulu, lakini hayakukifunika kifua. Kinyume chake, mnamo 1800 kiuno kilipanda hadi chini ya matiti, na magauni yakashonwa kwa melimeli nyeupe, nyingi yake ikitoka Bara Hindi. Wafaransa walidai kuwaiga Wagiriki na Warumi wa kale, na uchi wa sanamu za marumaru ukawa kibali cha uchi mpya. Heshima ilipata hoja ya elimu.

Karne ya 19 ilizipanga kanuni hizo kwa saa. Mchana bibi mwenye adabu alifungwa vifungo hadi kooni. Usiku, kwenye karamu au opera, alipaswa kuonyesha mabega na sehemu ya kifua. Mafundi walipata njia rahisi ya kumhudumia: sketi moja ilishonewa viwiliwili viwili, kimoja cha juu kwa mchana, kingine cha chini kwa usiku, vya kitambaa kile kile. Ukingo wa kile cha usiku ulipitishiwa utepe wa ndani ili usifunguke mvaaji anapoinama, ukazungushiwa lesi pana iliyoushikilia mabegani. Picha ya Franz Xaver Winterhalter ya 1855, inayomwonyesha malkia Eugénie na mabibi wake, ni kama orodha ya shingo za namna hiyo. Mke wa mtawala mkuu na wenzake wameketi bustanini, mabega yao yote wazi, na hakuna dalili yoyote ya aibu.

Uingereza, nchi iliyosifika kwa ukali wa maadili, ilikuwa na sheria kali zaidi ya kufunua. Mabibi walioletwa mbele ya malkia Victoria walitakiwa kuvaa gauni la kifua wazi, ingawa mapokezi yenyewe yalifanyika mchana. Yule ambaye umri au ugonjwa ulimzuia alipaswa kuomba ruhusa kwa mkuu wa itifaki ya ikulu ili avae gauni lililofungwa. Hivyo, kwa mabibi wa tabaka hilo, kujifunika ndiko kulikohitaji kibali.

5. Mkanda ulioanguka: Paris, 1884

Mipaka hiyo ilikuwa myembamba kiasi gani yaonekana katika kisa cha picha moja. Mwaka 1884, John Singer Sargent, mchoraji Mmarekani aliyeishi Paris, alionyesha katika maonyesho makuu ya mwaka, yaliyoitwa Salon, picha ya Virginie Gautreau, mke wa tajiri mmoja, aliyezaliwa Louisiana. Bibi amesimama, uso umegeuka upande, gauni jeusi limeshikwa na mikanda miwili ya vito. Katika picha ya kwanza, mkanda wa bega la kulia ulikuwa umeteleza hadi kwenye mkono.

Watu walikasirika. Mama wa bibi huyo alimwomba Sargent aiondoe picha, naye akakataa. Maonyesho yalipokwisha, aliuchora upya mkanda ukiwa juu ya bega, kisha akahamia London. Picha hiyo aliiweka kwake hadi mwaka 1916, alipoiuza kwa makumbusho ya Metropolitan ya New York.

Mkanda ule haukuongeza wala kupunguza kipimo cha ngozi kilichoonekana. Kila usiku Paris ilijaa mabibi waliofunua kama vile na zaidi. Kosa halikuwa katika kufunua, bali katika ishara ya kuvua. Gauni la kifua wazi lilikubaliwa kwa sababu lilisema kwamba limekwisha kukatwa hapo kwa amri ya adabu, wala halitashuka zaidi. Mkanda ulioanguka ulifichua kwamba linaweza kushuka.

6. Karne ya 20: barabara, sidiria na filamu

Mnamo 1913 shingo wazi ilitoka katika karamu za usiku ikaingia barabarani. Blauzi na magauni ya mchana yenye shingo ya pembe yaliwakera makasisi na hata madaktari, ambao walionya kwamba baridi ya kifuani italeta homa ya mapafu. Leo kipimo cha shingo zile chachekesha, kwani nyingi zilionyesha koo tu. Lakini kilichoondoka kilikuwa ukuta kati ya mchana na usiku. Mwanamke wa kawaida, karani au mfanyakazi wa duka, aliweza kuvaa mchana kile ambacho zamani kilihitaji mwaliko.

Vazi hilo lilibadilisha pia nguo za ndani. Mary Phelps Jacob, kijana wa New York, alipata hataza ya sidiria yake mwezi wa Novemba 1914. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliibuni kwa leso mbili na utepe kwa sababu korseti yake ilijitokeza chini ya gauni la karamu. Wengine walikuwa wamebuni vitu vya namna hiyo kabla yake, lakini kisa chake chaonyesha vyema jinsi shingo ya nje ilivyoitawala nguo ya ndani.

Lawama hazikukoma. Papa Benedikto XV, katika waraka wake wa Januari 1921, aliwasikitikia wanawake wa kila umri na hali waliopofushwa na tamaa ya kupendeza hata wasione upumbavu wa mavazi yao. Katika miaka hiyo kilienea miongoni mwa Wakatoliki kipimo cha vidole viwili chini ya shimo la koo: nguo iliyokatwa chini ya hapo haikuwa ya adabu. Kanuni ya cheo na saa ilikuwa imegeuka kuwa kanuni ya sentimita.

Filamu nazo zilipimwa vivyo hivyo. Kanuni za maadili za watengenezaji wa filamu wa Marekani ziliandikwa mwaka 1930 na kutekelezwa kwa ukali tangu 1934. Filamu ya Kiingereza The Wicked Lady ya 1945, ambayo hadithi yake ni ya karne ya 17, ilibidi ipigwe upya sehemu kadhaa kabla ya kuonyeshwa Marekani, kwa sababu ya shingo za magauni. Mavazi yaliyokuwa adabu ya ikulu katika zama zinazosimuliwa yakawa uchafu mbele ya wakaguzi. Miaka miwili baadaye, Februari 1947, Christian Dior alionyesha Paris mitindo iliyorudisha kiuno chembamba na sketi pana, na magauni ya usiku yasiyo na mikanda, yaliyosimama kwa vijiti vya ndani, yakawa alama ya miaka iliyofuata. Ufundi ulikuwa umerudi pale ulipoanzia: kubana kiwiliwili ili mabega yaachwe huru.

7. Kongo: kanuni mbili zilizokutana

Mwaka ule ule wa 1884, miezi michache baada ya fitina ya mkanda wa bibi Gautreau, mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin kuzungumzia Afrika. Mkutano ulianza Novemba 1884, ukaisha Februari 1885. Katika maandishi mengi ya wasafiri na wamisionari wa kipindi hicho, kifua kisichofunikwa cha mwanamke Mwafrika kilitajwa kuwa ushahidi wa ushenzi, na nguo ya pamba ikahesabiwa kuwa zawadi ya ustaarabu. Hayo yaliandikwa wakati ambapo katika majumba ya kifalme ya Ulaya kifua wazi kilikuwa sharti la kuingia ukumbini. Wazungu hawakuwa na kanuni moja ya stara waliyokuja kuifundisha. Walikuwa na kanuni ya tabaka, nao waliwapa Waafrika ile ya mchana peke yake.

Isitoshe, kifua kilichofunikwa hivyo hakikuwa bila maana kabla ya kufunikwa. Katika jamii nyingi za Afrika ya kati kilichositiriwa ni sehemu ya chini ya mwili, na mama aliyenyonyesha hakuwa na cha kuficha. Sanaa ya Waluba yatoa ushahidi mzito. Viti vya enzi vya wafalme wao mara nyingi vimebebwa na umbo la mwanamke, na katika sanamu nyingi mwanamke ameweka mikono juu ya matiti yake. Watafiti wa sanaa hiyo wameeleza kwamba ishara hiyo yahusu siri za ufalme na miiko yake, ambazo wanawake ndio walinzi wake. Titi ni mahali pa kuhifadhi, na aliyelishika anaonyesha heshima. Baadhi ya kazi hizo zimewekwa katika makumbusho ya Tervuren, si mbali sana na Antwerp ambako Maria wa Fouquet ameketi. Mtazamaji anayetoka jumba moja kwenda jingine anakutana na matiti mawili ya kifalme, moja la maziwa na huruma, jingine la siri na mamlaka, na hakuna hata moja linalozungumzia tamaa.

Vazi lililotokana na makutano hayo ni lile la kikwembe na blauzi yake, ambayo kwa Kilingala huitwa libaya. Hatua moja ya historia yake yaunga mkono hoja ya makala haya. Katika siasa ya uhalisi ya Zaire, tangu 1971 na 1972, wanaume walivishwa abakosti, na wanawake wakakatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Kikwembe kikawa vazi la taifa. Nchi za jirani zilikuwa zimekwisha kufuata njia hiyo au zilikuwa zikiifuata: Tanzania ilianza Operesheni Vijana mwezi wa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na Uganda ilipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Katika nchi zote tatu jicho la serikali lilitazama mapaja na miguu. Shingo ya libaya iliachiwa fundi. Akaikata mviringo, mraba, pembe, akaitia marinda na tepe, akaacha bega moja au mawili wazi, na mvaaji akabaki mama mwenye heshima zake. Amri ile ililegezwa tangu Aprili 1990, utawala wa chama kimoja ulipotangazwa kukoma. Suruali zikarudi, lakini shingo ya libaya haikuhitaji kurudi, kwa kuwa haikuwa imefukuzwa.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa haionyeshi safari ya moja kwa moja kutoka stara hadi uchi, wala kutoka kifungo hadi uhuru. Shingo ya gauni imepanda na kushuka. Ilishuka kwa mkasi wa fundi, ikapanda kwa kola ya Uhispania, ikashuka kwa amri ya ikulu, ikapanda kwa kipimo cha vidole viwili. Kila mara waliokuwa na mamlaka walidai kwamba mpaka wa siku yao ndio mpaka wa maumbile. Askofu alimwambia mfalme, mfalme alimwamuru mke wa kabaila, mkaguzi alimwamuru mtengeneza filamu. Wanawake wenyewe wamesikika kidogo sana katika kumbukumbu hizo. Hata Dorine, aliyejibu vizuri kuliko wote, aliandikiwa maneno yake na mwanamume.

Hilo si jambo la zamani tu. Kila mahali ambapo msichana husimamishwa mlangoni, pawe kanisa, ofisi au chuo, ili shingo ya nguo yake ipimwe kwa macho, hukumu hutolewa kana kwamba kipimo kilikuwako tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Anayeijua historia hii aweza bado kutaka vazi la adabu, kwani kila jamii ina haki ya kuwa na adabu zake. Lakini hataweza tena kusema kwamba adabu hizo hazikutungwa na mtu, wala kwamba thamani ya mwanamke hushuka pamoja na ukosi wa nguo yake.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili ibaki kazi moja. Mafundi wa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, pamoja na wateja wao, huzitaja namna mbalimbali za shingo kwa maneno ya Kiswahili, Kilingala na Kifaransa yaliyochanganyika vibandani. Maneno hayo yanastahili kukusanywa pale pale kwenye cherehani, kabla mtindo mwingine haujayafuta. Ndani yake imehifadhiwa historia ambayo haikuandikwa na maaskofu wala wafalme, bali na wale walioishona nguo na wale walioivaa.